Namba Kumi na Nne kwa Miguu

Ilitangazwa rasmi, Jumatatu saa mbili asubuhi, kwamba migomo miwili iliyoanza siku hiyo, wa madereva wa mabasi ya jiji na wa wafanyakazi wa maduka makubwa ya vyakula, isimtie mkazi yeyote hofu. Kamati ya Huduma za Jiji ilikuwa imekaa, imetafakari na imejiridhisha. Hakuna mkazi atakayeshindwa kufika anakotakiwa; huenda tu akachelewa kidogo. Hakuna atakayekosa anachohitaji. Huenda tu akabadilisha aina. Na migomo itakapokwisha, kila kitu kitarejea kama kilivyokuwa. Tangazo lilisomwa redioni mara tatu, mara ya tatu na mtu aliyesikika kuwa na mafua, kisha ukapigwa muziki.

Mzee Kumi na Nne alilisikiliza mara zote tatu akitikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuridhishwa na Kamati, ambayo hakuwahi kuiamini hata ilipotangaza saa. Aliridhishwa na mgomo. Siku ya kwanza, na hakuna basi hata moja barabarani! Hiyo ilikuwa kazi ya watu wanaoijua kazi yao, na baadhi yao alikuwa amewafundisha yeye.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na kwingine halikutumika sana. Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha basi namba kumi na nne, kutoka Kituo cha Juu mpaka Hospitali Kuu: kilomita kumi na saba, vituo ishirini na sita, dakika hamsini na mbili. Alistaafu akiwa na goti bovu la mguu wa kushoto, ule wa klachi, pamoja na koti la kazi la bluu ambalo kwa mujibu wa taratibu alitakiwa kulirudisha. Katika chama cha madereva alikuwa mtu wa vifungu. Kifungu cha tisa kinasema kwamba mwanachama, awe kazini au amestaafu, hatapanda gari lolote lililowekwa barabarani ili kuvunja mgomo. Aliyekipendekeza ni mtu mwingine, lakini aliyesimama kukiunga mkono ni yeye, miaka ishirini na miwili iliyopita. Alipoketi alipigiwa makofi, na makofi hayo alikuwa bado anayasikia akiwa anakunywa chai.

Kazi ilimwachia pia mkono. Madereva wa jiji lile wakipishana njiani, mmoja huinua mkono wa kulia kutoka kwenye usukani, kiganja wazi. Mwenzake huwasha taa mara moja na kuinua wake. Hakuna anayefundishwa salamu hiyo, na hakuna anayeisahau. Mkewe alikuwa akidai kwamba mumewe huinua mkono hata usingizini.

“Jana ulipishana na nani?” alikuwa akimuuliza asubuhi.

“Namba tisa.”

“Ilikuwa na abiria?”

“Wamesimama mpaka mlangoni.”

Mkewe huyo, tangu Ijumaa iliyotangulia, alikuwa amelazwa hospitalini, wadi ya wanawake, ghorofa ya pili. Kibofu cha nyongo kilikuwa kimevimba. Majibu ya vipimo yalitoka Jumatano asubuhi, na saa nne na nusu muuguzi wa zamu alipiga simu nyumbani kueleza kwamba daktari amekata shauri: atapasuliwa. Upasuaji wenyewe, alisema, si wa dharura bali wa haraka, na katika lugha ya hospitali hivyo ni vitu viwili. Wa dharura hufanywa saa hiyo hiyo, haulizwi mtu. Wa haraka hufanywa Alhamisi na Jumanne, na unataka fomu ya kijani. Fomu ya kijani hutiwa saini na mgonjwa, kisha na ndugu aliyeandikwa kwenye daftari la kulazwa, mbele ya muuguzi, kabla ya saa kumi jioni ya siku inayotangulia. Saa kumi orodha hufungwa.

“Yaani leo,” alisema mzee.

“Leo, baba.”

“Siwezi kusema hapa kwenye simu kwamba nimekubali?”

“Saini haipokelewi kwa simu, baba.”

“Na binti yetu akija? Yeye ana miguu mizima.”

“Ameandikwa?”

Hakuandikwa. Kwenye mstari wa ndugu, mzee mwenyewe alikuwa ameandika jina lake kwa herufi kubwa, na kwenye mstari wa ndugu wa pili alikuwa amepiga kistari, maana hakuona mwingine wa nini.

Muuguzi alimpa mgonjwa simu.

“Unakuja na nini?” aliuliza mkewe. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ni yake.

“Na miguu.”

“Ya nani?”

“Usinichekeshe, nina safari.”

“Basi nipitie biskuti za tangawizi. Usiku wananifunga kula, nataka nifungwe nikiwa na tangawizi mdomoni.”

Teksi zote zilikuwa zimekodiwa tangu alfajiri na watu wenye kazi za kukodia teksi. Mzee alivaa koti la bluu, kwa sababu ndilo lenye mfuko wa ndani wa kutilia kitambulisho, akapiga hesabu. Mtu hutembea kilomita nne kwa saa. Kumi na saba kwa nne, saa nne na robo. Anatoka saa tano kasoro dakika kumi, anafika saa tisa na dakika tano. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ila goti halikuwamo.

Duka kubwa la vyakula liko kituo cha sita. Binti yake, keshia wa mashine ya tatu, alikuwa amekaa nje juu ya kreti la soda, bango magotini, pamoja na wenzake wanne. Nyuma yao kioo kirefu kilionyesha duka lote likiwa limewashwa taa, zuri, limepangwa, bila mtu.

“Shikamoo, Baba. Umefikaje huku?”

“Marahaba. Kwa namba kumi na nne.”

“Namba kumi na nne imegoma.”

“Hii haijagoma,” alisema, akaonyesha viatu vyake.

Alipomweleza habari ya fomu, binti alisimama, na bango likaanguka. Wakati huo huo lori la Kamati lilikuwa linapunguza mwendo mbele ya duka: maturubai juu, mabenchi ndani, na ubaoni maandishi HUDUMA YA DHARURA. Watu walikuwa wakilikimbilia.

“Baba, panda lile.”

“Lipi?”

“Unaliona.”

“Naona lori.”

“Ni gari la dharura. Na Mama ni dharura!”

“Mama yako si dharura. Mama yako ni haraka. Kamuulize daktari.”

Binti aliwatazama wenzake. Wenzake walikuwa wakimtazama mzee, kwa adabu kubwa na kwa kumsubiri. Huyu ndiye baba wa hadithi zote walizosimuliwa chumba cha kubadilishia nguo: mgomo wa siku kumi na moja, mgomo wa mvua, makofi ya kifungu cha tisa. Hadithi hizo ndizo zilizowakalisha juu ya makreti. Lori liliondoka.

“Tusingekuwapo sisi hapa,” binti alisema taratibu, “ungepanda?”

Mzee alikuwa amesogea kwenye kioo. “Biskuti za tangawizi ziko wapi siku hizi?”

“Rafu ya nne, kulia, chini ya majani ya chai. Zile pakiti za njano.”

“Naziona.”

“Nimwombe mlinzi atufungulie? Pakiti moja tu, Baba.”

“Mgomo una pakiti ngapi?”

“Mzee, hata sisi tunazitamani,” alisema mmoja wa wenzake, ili kusaidia. “Siku ya tatu hii tunaangalia mikate ikiota ndevu.”

Baba na binti walisimama bega kwa bega wakitazama pakiti za njano, umbali wa hatua kumi na mbili, kama watu waliokwenda kumwona mgonjwa wakaambiwa wamwangalie dirishani. Kisha mzee akasema amechelewa, akaenda.

Saa saba na nusu alikuwa kituo cha Reli, goti likiwa limeanza kuongea. Katika kila kituo alichopita kulikuwa na watu wakisubiri, siku ya tatu ya mgomo, kwa kuwa mtu akizoea kusubiri mahali huona kwamba kuondoka ni kupoteza zamu yake. Na katika kila kituo koti la bluu lilitambuliwa.

“Haya, tazameni!” alisema mama mmoja aliyekaa juu ya begi lake, miguu ameinyoosha mbele. “Dereva anatembea! Leo hata nikifa, nimeshaona.”

“Mstaafu,” alisema mzee.

“Mstaafu, mstaarabu, kwangu wote mmoja. Si ninyi mliotuweka hapa? Mimi ni wa usafi hospitali, zamu yangu saa tisa. Nimetoka nyumbani jogoo hajapiga mswaki.”

“Hospitali Kuu?”

“Kwani iko nyingine? Na wewe unakwenda huko?” Alimwangalia goti, na sauti ikashuka. “Una mgonjwa?”

“Mke.”

Mama alinyanyuka, akajipangusa. “Ungesema, baba. Twende. Tunakatia hapo nyuma ya bohari, kuna daraja la miguu juu ya reli, ukishuka unatokea mlango wa jikoni. Nusu saa. Ukijikokota hivyo, tuseme dakika arobaini.”

Mzee alitazama kule alikoelekezwa. Palikuwa na bohari, na kichochoro ubavuni mwake, na watu wawili wakitokea humo wamebeba ndoo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amefika mahali hapo mara nane, mara kumi kwa siku, na kila mara alikuwa akitazama kioo cha kulia.

“Namba kumi na nne hupinda kulia hapa,” alisema.

“Sasa wewe ni basi?”

“Inazunguka uwanja wa reli, inapita soko, inatokea hospitali kwa mbele.”

“Baba yangu, huko ni kilomita ngapi?”

“Nane na nusu.”

“Na huku ni tatu!”

Tusimhukumu haraka. Dereva mwanafunzi siku ya kwanza hufundishwa kwamba akichelewa asijaribu njia asiyoijua. Njia usiyoijua ina lango limefungwa, ina shimo, ina harusi. Ukikwama huko na abiria sitini, hakuna atakayekuelewa. Mzee alikuwa amewafundisha hivyo watu mia moja na arobaini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukwama. Siku ile alikuwa amechelewa. Hakuijua njia. Jambo lilikuwa wazi.

“Tangulia, mama,” alisema. “Waambie wadi ya wanawake, ghorofa ya pili, kwamba niko njiani.”

“Nitawaambia,” alisema mama, na akamtazama namna mtu anavyotazama chungu kinachoelekea ukingo wa meza ya jirani. Kisha akaingia kichochoroni na begi lake kichwani.

Saa nane na dakika ishirini mzee alifika stendi ndogo ya soko. Basi namba kumi na nne huingia humo kwa lango la chini, huzunguka nguzo ya saa, na kutokea kwa lango lile lile. Mzee aliingia kwa lango la chini, akazunguka nguzo ya saa, akatoka. Alikuwa ameshafika tena barabarani ndipo alipogundua alichofanya. Alisimama kidogo. Hakukuwa na mtu wa kumweleza, kwa hiyo akaendelea.

Baada ya hapo goti liliacha kuongea, likaanza kuamua. Alitembea kutoka nguzo hadi nguzo, na kwenye kila nguzo alishika. Saa tisa na dakika ishirini ilimkuta mlima wa Posta, kilomita tatu kabla ya hospitali, ameketi kwenye ukuta wa bustani ya mtu, na hesabu mpya kichwani ambayo goti lilikuwamo. Kwa hesabu hiyo asingefika.

Lori la Kamati lilitokea chini ya mlima.

Alilitazama linavyopanda, gia ya pili, dereva anajua kazi. Alikiwaza kifungu cha tisa, chote, pamoja na nukta zake. Hakuna mtu atakayeweza kusema kwamba hakukiwaza. Kisha alishika ukuta, akasimama, akateremka ukingoni mwa barabara, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Mzee Kumi na Nne aliinua mkono kusimamisha gari la kuvunja mgomo.

Aliuinua jinsi alivyojua kuuinua: wa kulia, kiganja wazi, usawa wa usukani.

Dereva wa lori aliliona koti la bluu, akauona mkono, na uso wake ukafunguka. Siku tatu alikuwa akiendesha akizomewa na kila mtu mwenye koti kama lile. Aliwasha taa mara moja. Aliinua mkono wake, kiganja wazi. Akapita, akamtazama kwa kioo mpaka kona, kwa shukrani.

Mzee alibaki ameinua mkono muda kidogo, kisha akaushusha.

Alifika hospitalini saa kumi na dakika ishirini na tano. Kwenye korido ya ghorofa ya pili yule mama wa usafi alikuwa akipiga deki; sehemu kubwa ya sakafu ilikuwa imeshakauka. Alipomwona alifungua mdomo, na mtu angetegemea neno kuhusu basi kuchelewa. Alisogeza ndoo tu, apite.

“Tulikusubiri, baba,” alisema muuguzi. “Mama wa usafi alituambia tangu saa nane na robo kwamba uko njiani. Tukadhani ni sasa hivi. Orodha imeshapanda.”

“Imepanda wapi?”

“Ghorofa ya nne.”

“Nami nipande.”

“Hata ukipanda, mwenye orodha ameondoka. Wiki hii madaktari wanaondoka mapema. Usafiri, si unajua.”

Mzee alisema anajua.

“Lakini tia saini sasa hivi, iwe tayari kwa Jumanne. Ni siku sita tu.”

Alitia saini mbele yake. Muuguzi alisema ni saini nzuri, haonekani kama mtu aliyetembea.

Mkewe alikuwa ameegemezwa mito miwili, macho ya manjano kidogo pembeni.

“Umefika.”

“Nimechelewa kidogo.”

“Nimesikia. Biskuti?”

“Nimeziona.”

“Zikoje?”

“Nzima.”

Alianza kucheka, akashika ubavu. “Umepita njia gani?”

“Njia.”

“Ya basi? Yote?” Alimkazia macho, na polepole jambo likamwingia. “Na stendi ya soko uliingia?”

Mzee alikuwa akitafuta kitu kwenye mfuko wa ndani.

“Uliingia,” alisema mkewe. “Jamani, aliingia. Ukazunguka na nguzo ya saa.” Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kuna nini. Alipotulia alimshika mkono, ule wa kulia, akaugeuza kiganja juu. “Haya niambie. Ulipishana na nani?”

Mzee aliuvuta mkono taratibu, akautia mfukoni mwa koti. Mkewe alidhani ni uchovu.

Alhamisi wengine walipasuliwa. Ijumaa homa ilipanda, ikashushwa kwa sindano, ikapanda. Jumamosi adhuhuri migomo yote miwili ilikwisha, kwa makubaliano ambayo pande zote ziliyaita ya kihistoria, na jioni binti alikuja na pakiti ya njano, akaiweka juu ya kabati la kitanda. Mama yake aliitazama, akasema baadaye. Jumapili asubuhi hali iligeuka kuwa dharura na, kama ilivyokuwa imeelezwa, upasuaji ulifanywa saa hiyo hiyo bila kuulizwa mtu. Fomu ya kijani haikuhitajika. Saa sita kasoro robo daktari alitoka, akavua kofia yake ya kitambaa, na mzee akasimama kabla ya kuambiwa.

Jumatatu saa mbili asubuhi Kamati ya Huduma za Jiji ilitangaza kwamba mabasi yako barabarani na maduka yako wazi, na ikawashukuru wakazi kwa subira. Kila kitu, ilisema, kimerejea kama kilivyokuwa.

Mzee alikwenda hospitali kuchukua vitu: kandambili, kitambaa cha kichwa, kikombe cha bati, kitana, na biskuti ambazo hazikufunguliwa. Walimpa katika mfuko mmoja, naye akatia saini kwamba amevipokea. Saa nne na dakika tano alipanda namba kumi na nne kurudi nyumbani, akaketi kiti cha watu wawili nyuma ya dereva, na mfuko akauweka upande wa dirishani, maana mkewe alipenda dirisha. Basi lilikwenda vizuri. Stendi ya soko liliingia, likazunguka, likatoka. Kituo cha Reli walipishana na namba tisa, na madereva wakainuliana mikono.

Hapo walipanda watu wengi. Mmoja wao alisimama kando yake, akauangalia mfuko.

“Samahani, mzee, hapa kuna mtu?”

“Hapana,” alisema, akaupakata mfuko.